Kuchapa nyaraka za breli nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya mara nyingi ni wazazi wa watoto wasioona, walimu, na wasomaji wa breli wenyewe waliochoka kusubiri mtu mwingine awachapie. Majibu yamepangwa kwa mfuatano wa kazi, kuanzia vifaa hadi nakala iliyokwisha kufungwa. Ukiwa na tatizo moja tu, ruka moja kwa moja hadi swali lako.

Nahitaji vitu gani ili nianze?

Kompyuta ya kawaida, programu ya kutafsiri maandishi kwenda breli, printa ya breli (wengi huiita embosa) na karatasi nzito. Kompyuta haihitaji kuwa na nguvu. Faili la breli la kitabu kizima huwa dogo kuliko picha moja ya simu. Ambaye watu humsahau wanapopanga bajeti ni msomaji: mtu anayesoma breli kwa vidole, atakayepitia kurasa zako za mwanzo na kukwambia ukweli. Mtafute huyo kabla hujatafuta printa.

Kwa nini nisibonyeze tu "chapisha" kama ninavyofanya kwenye printa ya wino?

Printa ya breli inapiga nukta pale ilipoambiwa, basi. Haijui neno lako ni kichwa cha habari au jina la mtu. Seli moja ya breli, yaani nafasi ya umbo moja, ina nukta sita (namba 1 hadi 3 kushuka kushoto, 4 hadi 6 kushuka kulia), na nukta sita zinatoa maumbo 63 tu ukiacha nafasi tupu. Ndani ya maumbo hayo lazima ziingie herufi, tarakimu, alama za uandishi, herufi kubwa, na katika lugha nyingine vifupisho. Kwa hiyo umbo moja hubeba kazi kadhaa, na kazi yake hujulikana kwa kilicholitangulia. Tarakimu, kwa mfano, hutumia maumbo ya herufi a hadi j yakitanguliwa na alama ya namba. Anayeamua yote hayo ni programu ya tafsiri, na programu hiyohiyo ndiyo inayokata mistari na kupanga kurasa.

Nitumie programu ipi?

Duxbury Braille Translator, kwa kifupi DBT, ndiyo inayotajwa zaidi kwenye vituo vya kuchapa breli. Inatengenezwa Marekani na kampuni iliyoanza mwaka 1975, ni ya kulipia, inashughulikia lugha zaidi ya 100, na inapokea mafaili ya Word bila kuyavuruga ikiwa yameandaliwa vizuri.

Upande wa bure kuna BrailleBlaster ya American Printing House, iliyotengenezwa hasa kwa vitabu vya kiada vya Kiingereza. Kuna pia Sao Mai Braille kutoka Vietnam, inayofanya kazi kwenye Windows na inayotegemea Liblouis kwa tafsiri. Liblouis yenyewe huifungui ukaandika ndani yake. Ni maktaba huria ya majedwali ya tafsiri (kanuni za breli za kila lugha) ambayo programu nyingine huiita izifanyie kazi. Hata NVDA, kisoma skrini (programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini), inaitumia kutoa breli kwenye kionyeshi cha breli, kifaa kinachoinua nukta chini ya vidole.

Ushauri wangu ni kuanza na za bure. Kazi ikiwa ya kila siku, na wanaokutegemea wakiwa wengi, hapo DBT inalipa gharama yake.

Je, lazima nijue breli?

Ujue angalau kuitambua kwa macho: alfabeti, alama ya herufi kubwa, alama ya namba, nukta na mkato. Asiyejua hata hayo hawezi kugundua kwamba kurasa 40 zimetoka zote zikiwa na kosa lilelile. Kujifunza alfabeti kwa macho hakuchukui muda mrefu, na kutakuokolea karatasi nyingi.

Nichague daraja la kwanza au la pili? Na Kiswahili je?

Daraja la kwanza huandika kila herufi. Daraja la pili hutumia vifupisho. Wasomaji wengi wazoefu wa Kiingereza husoma daraja la pili na huona daraja la kwanza likiwachelewesha. Anayeanza, au aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, mara nyingi huhitaji la kwanza. Msomaji yupo, muulize, usiandikie mate.

Kwenye Kiswahili kuna mtego unaorudia kila mahali. Mtu anafungua programu ambayo imewekwa Kiingereza cha daraja la pili, anaingiza maandishi ya Kiswahili, anachapa. Programu haikatai. Inaona "and" ndani ya "kuandika" na kuweka kifupisho cha neno la Kiingereza. Inaona "ing" ndani ya "mingi", "sh" ndani ya "shamba", "ch" ndani ya "chakula", na kila mahali inaweka alama yake. Kwa macho ukurasa unapendeza. Kwa kidole cha mtoto anayesoma Kiswahili peke yake, kila mstari una alama ambazo hajawahi kufundishwa.

Liblouis ina majedwali ya Kiswahili yanayofuata breli ya Kenya, yasiyo na vifupisho na yenye vifupisho. Chagua jedwali la lugha kwanza, kabla ya kuingiza neno hata moja. Waraka ukiwa na lugha mbili, weka alama ya lugha kwa kila sehemu ikiwa programu inaruhusu; isiporuhusu, chapa waraka wote kwa daraja la kwanza.

Angalia pia ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'ambo". Programu za kuandikia huigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda, na kuna majedwali yanayoweza kuisoma kama alama ya kufunga nukuu. Tafuta na ubadilishe zote ziwe ritifaa iliyonyooka kabla ya kutafsiri.

Nimefungua faili la BRF na naona vitu visivyosomeka. Limeharibika?

Halijaharibika. BRF ni faili la maandishi matupu ambamo kila herufi au alama ya kibodi inasimamia umbo moja la breli. Sentensi "Habari, Juma." ikiandikwa kwa alama za UEB, ambayo ndiyo breli ya Kiingereza inayotumika sasa katika nchi nyingi, huonekana hivi:

,habari1 ,juma4

Mkato wa mwanzo ni nukta ya 6, alama ya herufi kubwa. Ile 1 ni nukta ya 2, yaani mkato wa kweli. Ile 4 ni nukta 2, 5 na 6, yaani nukta ya kumaliza sentensi. Mwaka 2024 utauona kama #bjbd. Ukishazoea, utaweza kukagua BRF kwa macho bila programu yoyote.

Usilisahihishe faili la BRF kwa kuongeza maneno katikati, kwa sababu mistari yake imekwisha kukatwa. Ongeza neno moja, na mstari unazidi upana. Rudi kwenye waraka wa awali, rekebisha huko, tafsiri upya. Na waraka huo wa awali uhifadhi daima. BRF peke yake hairudishi vizuri mpangilio uliopotea.

Niuandaeje waraka kabla ya kuutafsiri?

Hapa ndipo ubora wa nakala unapoamuliwa, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Tumia mitindo ya vichwa vya habari ya programu ya kuandikia. Mtu akikuza herufi na kuzikoleza kwa mkono, jicho linaona kichwa cha habari lakini programu ya tafsiri inaona aya iliyokolezwa. Ukitumia mtindo wa Kichwa cha 1, programu itakiweka katikati ya mstari na kuacha nafasi inayostahili. Kichwa cha 2 kwa kawaida kitaanza seli ya 5. Msomaji wa breli hana ukubwa wa herufi wala rangi. Anatafuta sura kwa kupitisha kidole ukingoni, na nafasi hizo tupu ndizo zinazomwelekeza.

Ondoa herufi kubwa zisizo na sababu. Kichwa kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa hujaa alama za ziada. Ondoa wino mzito na mlazo ulioweka kwa urembo, maana kila msisitizo huongeza seli za kufungua na kufunga. Ubakize pale tu unapobadili maana.

Mistari ya kujaza fomu, kama "Jina ______", itageuka kuwa msururu wa alama unaochosha kidole. Vilevile vile vidoti virefu kwenye yaliyomo, vinavyounganisha sura na namba ya ukurasa. Namba zenyewe za yaliyomo zitakuwa si sahihi baada ya tafsiri. Iache programu ya breli iyatengeneze upya.

Usipange maneno kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, wala usiache mistari mitupu kati ya aya. Katika breli aya mpya huanza seli ya 3 na hilo latosha.

Jedwali lenye safu wima tano haliingii kwenye mstari wa seli 30. Chukua ratiba ya vipindi. Badala ya kuibana, iandike kama orodha: "Jumatatu" kwenye mstari wake, kisha chini yake "2:00 Hisabati", "2:40 Kiswahili", na kuendelea. Msomaji anaipata siku anayoitaka kwa haraka kuliko kuhesabu safu kwa kidole.

Mafaili ya PDF ndiyo yanayotesa zaidi. Yakiwa ni picha za kurasa, lazima kwanza yapitie programu ya kutambua maandishi, kisha uyasome yote kwa makini: 1 na l hubadilishana, maneno huungana, na namba ya ukurasa hujipenyeza katikati ya sentensi. Kama mwenye waraka ana faili la Word, mwombe hilo.

Ukurasa mmoja wa wino hutoa kurasa ngapi za breli?

Breli huchukua nafasi kubwa kwa sababu umbo lake halipunguzwi. Umbali kati ya nukta ni takriban milimita 2.5, seli hadi seli takriban 6, mstari hadi mstari takriban 10. Kwenye karatasi ya A4 unapata kama seli 30 kwa mstari na mistari 27, yaani nafasi 810. Ukurasa wa wino uliojaa una herufi na nafasi kama 3,000. Kwa hiyo panga kurasa nne za upande mmoja kwa kila ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Maneno yetu nayo ni marefu. Neno "wanaposhirikishwa" peke yake ni seli 17, zaidi ya nusu ya mstari wa A4, na neno lisipotosha hushuka lote mstari unaofuata. Ukingo wa kulia utakuwa na mapengo. Yaache. Kukata maneno kwa kistari kunamsumbua msomaji kuliko kunavyookoa karatasi.

Ninunue printa ya namna gani?

Amua kwanza namna karatasi inavyoingia. Kuna zinazotumia karatasi ndefu iliyokunjwa yenye matundu pembeni. Unapakia mara moja na inachapa kitabu kizima ukiwa unafanya mengine, lakini utachana kingo na kutenganisha kurasa kwa mkono. Kuna zinazopokea karatasi moja moja, hivyo unatumia A4 unayoipata popote. Kampuni ya Index Braille ya Sweden hutengeneza zote mbili: Basic ni ya karatasi ndefu, Everest ni ya karatasi moja moja.

Pili, upande mmoja au pande mbili. Za pande mbili huhamisha kidogo nukta za nyuma ziingie kati ya nukta za mbele zisigongane. Kwa vitabu hilo ni karibu lazima, la sivyo juzuu linakuwa zito kwa mtoto kulibeba. Kwa barua na mitihani, upande mmoja unatosha.

ViewPlus ya Marekani hutengeneza printa zinazoweza kupiga nukta za urefu tofauti, jambo lenye faida kubwa kwa ramani na michoro. Kama hutachora, usilipie uwezo huo.

Printa iliyokwisha kutumika inaweza kuwa nzuri, ila ulizia mambo mawili kabla ya kutoa pesa: je, inaunganishwa kwa USB au bado inataka zile soketi za zamani, na je, fundi na vipuri vinapatikana?

Karatasi ya kawaida haifai?

Ile ya gramu 80 itapokea nukta, lakini zitalala baada ya kusomwa mara chache, na nyingine zitatoboka. Tumia gramu 120 hadi 160; kwa pande mbili usishuke chini ya hapo. Ihifadhi mahali pakavu, kwenye kifungashio chake. Karatasi iliyonyonya unyevu hutoa nukta laini na hukwama njiani.

Mistari inatoka imekatika, au kuna kurasa karibu tupu. Tatizo ni nini?

Mara nyingi programu na printa hazijakubaliana kuhusu ukubwa wa ukurasa. Soma dalili.

Ukipata mstari mrefu, kisha kipande kifupi, kisha mrefu, kisha kifupi, faili limepangwa kwa upana mkubwa kuliko wa printa. Mfano ni faili la seli 40 kwenye printa iliyowekwa seli 30: seli 10 za kila mstari zinadondokea chini.

Ukipata ukurasa kamili ukifuatiwa na ukurasa wenye mistari miwili tu, mfululizo huohuo hadi mwisho, faili lina mistari 27 kwa ukurasa na printa imewekwa 25. Mistari miwili inavuka, kisha amri ya kubadili ukurasa inafika na karatasi inatolewa.

Rekebisha pande zote mbili ziwe na namba zilezile: seli kwa mstari, mistari kwa ukurasa, pambizo sifuri upande mmojawapo ili zisijumlishwe mara mbili.

Ikiwa mistari iko sawa lakini maneno hayasomeki kabisa, huenda yametafsiriwa mara mbili: programu imetafsiri, na printa yenyewe ikatafsiri tena. Zima tafsiri ya ndani ya printa. Ikiwa herufi ni sahihi ila alama za uandishi na namba zimebadilika, basi jedwali la herufi la printa ni la nchi nyingine. Liweke liendane na BRF.

Na ikiwa hakuna kinachotoka au kinatoka kimevurugika kwenye Windows, jaribu kupeleka faili kupitia draiva iitwayo Generic / Text Only, ambayo hupitisha herufi bila kuzigusa.

Chapa ukurasa mmoja wa majaribio kila ubadilishapo kitu, kisha usimame. Printa nyingi zina pia ukurasa wao wa kujipima.

Nukta ni hafifu. Nifanyeje?

Tazama karatasi kwanza. Kisha ongeza nguvu ya kupiga kwenye mipangilio ya printa, hatua moja moja, mpaka nukta isimame bila kutoboa. Ikiwa ni nukta ya nafasi ileile tu inayokosekana kwenye kila seli au kila mstari, nyundo yake imechafuka au imechakaa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Nakala inasahihishwa vipi?

Mara mbili, na watu wawili ikiwezekana. Mara ya kwanza ni kabla ya kuchapa, kwenye skrini au, afadhali zaidi, kwenye kionyeshi cha breli, ambacho husoma BRF moja kwa moja bila kupoteza karatasi. Hapo unatafuta lugha isiyo sahihi, vichwa vya habari vilivyobaki chini ya ukurasa huku aya yake imevuka, na namba.

Mara ya pili ni kwenye karatasi, kwa vidole. Jicho linaona kivuli cha nukta hata ikiwa imelala, na huwezi kujua kwa kutazama kwamba nukta ya 3 ni laini mno. Mwombe msomaji asome kwa sauti huku wewe ukifuata kwenye nakala ya wino. Anaposita, weka alama hapo. Kusita kwake ni habari hata kama baadaye amelipata neno.

Kwa mtihani, dozi za dawa au hesabu za pesa, usitoe nakala ambayo haijapita vidoleni. Mwanafunzi akipewa swali lenye namba isiyo sahihi, alama anazopoteza ni zake.

Hesabu na michoro?

Kwa hesabu, uliza kwanza msomaji amefundishwa mfumo upi: Nemeth, uliotungwa na Abraham Nemeth, au hesabu za UEB. Mifumo hii hata tarakimu inaziandika tofauti, na mwanafunzi wa mmoja hatasoma mwingine kwa kubahatisha. Andika milinganyo kwa kihariri cha hesabu. Mlinganyo uliobandikwa kama picha hautafsiriwi.

Kwa michoro, jiulize kama mchoro unahitajika. Picha ya pambo iondoe. Picha yenye maelezo ieleze kwa sentensi mbili au tatu. Umbo la jiometri au ramani ndilo lichorwe, likiwa kubwa na lenye mistari michache, maana kidole hakitenganishi vitu vilivyosongamana.

Kelele ni kubwa kiasi gani?

Kubwa. Printa ya breli hugonga karatasi kwa nyundo, na chumbani utalazimika kupaza sauti. Iweke juu ya meza nzito isiyotikisika, na mpira mzito chini yake. Kuna makabati ya kuzuia sauti. Ukijitengenezea, acha njia ya hewa kwa sababu mota hupata joto.

Je, asiyeona anaweza kufanya kazi yote hii mwenyewe?

Ndiyo, na wengi wanafanya. DBT, BrailleBlaster na Sao Mai Braille hufanya kazi na visoma skrini, na printa nyingi za sasa zina vitufe vyenye breli na menyu inayozungumza. Msomaji wa breli ana nafasi nzuri kuliko mwenye kuona, kwa kuwa anaikagua kazi yake mwenyewe papo hapo.

Naruhusiwa kuchapa kitabu chenye hakimiliki?

Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazofikika kwa wasioona. Asiyeona mwenyewe, au anayemsaidia, anaweza kutengeneza nakala ya matumizi yake binafsi ya kitabu alichokipata kihalali. Ukitaka kugawa nakala kwa wengi, fanya hivyo kupitia taasisi inayotambuliwa na sheria ya nchi yako. Kuuza ni jambo jingine kabisa, omba ruhusa.

Nakala zihifadhiwe na kutumwa vipi?

Zisimamishe rafuni kama vitabu, usizilundike. Uzito wa juu hulaza nukta za chini. Funga kwa waya au pete zinazoruhusu ukurasa kulala wazi kabisa, kwa sababu msomaji anahitaji mikono yote miwili, na gawa kazi ndefu katika juzuu za kurasa zisizozidi 80 au hivyo, kila moja ikiwa na jina na namba ya juzuu kwa breli na kwa wino kwenye jalada.

Kwa posta, kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinasamehe ada kwa vitu vya wasioona, ila utekelezaji hutofautiana kwa nchi, hivyo uliza kaunta kabla ya kulipa stempu. Tumia boksi gumu badala ya bahasha, usikunje wala kuviringisha kurasa, na ujaze nafasi iliyobaki ili zisisuguane njiani.